Majina Niliyoyasoma Redioni

Nikipita upande wa wauza mayai hapa sokoni Mbarara, nikaona trei tupu za karatasi zimepangwa moja juu ya nyingine, mimi hugeuza njia. Mama mmoja muuzaji amenizoea, anadhani sipendi mayai. Siku moja aliniambia, "Nyabo, mama, trei hizi hazina kitu ndani, mbona unazikimbia?" Nikacheka tu, kwa sababu ningeanza kumweleza, mayai yake yangeangua vifaranga kabla sijamaliza. Trei za namna hiyo ndizo nilizozikuta zimebandikwa ukuta mzima, toka chini hadi darini, siku ya kwanza nilipoingia chumba cha redio. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa hivi. Nilivuta koti la Mwalimu Byamungu, kiongozi wa kwaya yetu, nikamnong'oneza kwamba hawa watu wamekula mayai mengi sana. Chumba kilinuka gundi na karatasi iliyoingia unyevu. Harufu hiyo ninayo puani hadi leo, na mwezi huu imenizidia, kwa sababu tumemzika Mama Mapendo kule Rubondo, kambini nilikokulia, na kama si mdomo wangu asingezikwa pale.

Wenzangu mliokulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale mnajua jinsi wakubwa wetu walivyokuwa hawasemi kitu. Tulijua bei ya sabuni na foleni ya bomba, lakini ukiuliza habari za nyumbani, za Kivu, unapewa maharage uchambue. Basi mtoto unajitungia mwenyewe. Mimi nilikuwa fundi wa kujitungia, na hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia.

Kwaya yetu haikuzaliwa Nakivale. Ilizaliwa Kivu ya Kusini kabla yangu, ikavunjika njiani watu walipokimbia vita, ikajikusanya tena Misiera, kijiji chetu humo kambini, mtu mmoja mmoja, kadiri magari yalivyokuwa yakiwashusha wakimbizi pale Base Camp. Mwalimu Byamungu alikuwa akienda kusimama barabarani kutazama nyuso. Akimwona aliyemfundisha kuimba, anamchukua mzigo na kumwambia mazoezi ni Jumatano na Jumamosi, saa tisa. Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, nusu limeezekwa mabati, nusu shitingi za plastiki. Mvua ikinyesha, soprano waliosimama chini ya mabati walikuwa hawasikiki kabisa, na alto chini ya shitingi ndio waliobeba wimbo. Mama yangu alikuwa alto.

Kabla ya kuimba ilikuwa lazima apeli. Karani, dada mkubwa tuliyemwita Yaya Riziki, alifungua daftari na kuita majina, na kila mtu akaitika "Niko." Soprano wote, kisha alto, teno, besi, na mwisho sisi watoto tuliopangwa mbele. Sasa sikilizeni. Yaya Riziki akifika kwa alto na kuita "Mapendo M'Cikuru," hakuna Mapendo aliyeitika. Aliitika mama yangu. Alisema "Iko," kwa sauti ileile aliyotumia kwa jina lake, na Yaya Riziki akaweka alama, akaendelea. Vivyo hivyo kwa soprano mmoja na besi wawili: jirani yao kwenye mstari aliwaitikia. Na upande wa kushoto wa mama kulikuwa na nafasi, inayomtosha mtu mzima mmoja. Mstari ukiyumba kulia na kushoto kama tunavyoyumba tukiimba, nafasi ile nayo ilikuwa inayumba, haizibwi, haipungui. Mara moja nilijipenyeza pale nisimame karibu na mama. Alinifinya sikio hadi nikaona nyota. "Hiyo fasi ya mutu," aliniambia.

Shuleni na sisi tulikuwa na mchezo huo. Rafiki yako akitoroka kwenda ziwani kungoja samaki, mwalimu akiita jina lake unaitika wewe, unabana sauti. Mwalimu akigundua, mnachapwa wote wawili. Kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa. Nilielewa, tena nilielewa vizuri sana kwa akili yangu ya kuku, kwamba mama yangu ana rafiki mvivu anayeitwa Mapendo, na mama anamfichia utoro. Mama huyuhuyu aliyenichapa kwa uongo wa kijiko kilichopotea anasema uongo mara mbili kwa wiki ndani ya nyumba ya Mungu. Niliona haya kwa niaba yake. Nilimchukia Mapendo. Nikamchora kichwani: mnene, amelala hadi saa nne, ana rangi ya kucha, halafu siku ya konseri anatokea amejipodoa na kuimba sehemu tamu.

Maana sehemu tamu ilikuwa yake, hilo nililijua. Tulipofanya zile nyimbo za zamani, Mwalimu Byamungu alisimamisha kila mara baada ya ubeti wa pili. Aliinua mkono, akasema polepole, "Hapa ndipo Mapendo alikuwa anapanda peke yake." Tunangoja kimya, kiasi cha mtu kuvuta pumzi mara tatu au nne, halafu tunaingia ubeti wa tatu. Ule ukimya ulinitisha kidogo. Wakubwa walikuwa wanatazama juu, kama kuna kitu kinapita darini. Siku moja nilimuuliza mama, tukiwa tunachambua maharage, Mapendo yuko wapi. Akasema, "Iko." Nikauliza tena. Akanisogezea ungo.

Yako maneno ya Kiswahili yanayosema asiyekuwapo na lake halipo. Kwaya yetu ilikataa maneno hayo, na sasa ninawaelewa. Watu wale wanne walipotea njiani usiku wa kukimbia, hakuna aliyewaona wamekufa, na kwetu huwezi kumlilia mtu ambaye hujaona mwili wake wala hujapata habari yake. Utamwua kwa machozi yako. Lakini huwezi pia kuimba kama vile hakuwahi kuwapo. Ndiyo maana jirani yake alimwitikia na kumwekea nafasi, na hawakulisema jambo hilo nje ya kanisa. Hasa hawakulisema Rubondo, ambako mama yake Mapendo alikuwa anaishi kwa mtoto wake mwingine, Bahati. Mama Mapendo alikuwa hakanyagi kwaya yetu. Walisema akisikia zile nyimbo anaanguka. Mimi sikuwahi kumwona wala kusikia habari zake. Hakuna aliyeniambia neno, na mimi nilikuwa nina mdomo.

Mdomo ndio ulionipa kazi. Kila tulipokuwa na konseri, Mwalimu Byamungu alinikalisha kwenye boda mbele yake na megafoni, tukazunguka Misiera na Base Camp. Mimi natangaza, yeye anapunga mkono. "Batu bote mukuje Siku ya Mungu saa nane, kwaya itaimba, batoto bataimba, mukuje na banguo bizuri." Watu walitoka kwenye vioski vyao kucheka. Tuliandika pia mabango kwenye karatasi za mifuko ya saruji, na mimi ndiye niliyeyashika wakati Mwalimu anapiga misumari. Nilijiona mtu mkubwa sana. Mwalimu alisema nina sauti ya soko, na mimi nilidhani ni sifa.

Safari ile Mwalimu alitaka watu watoke hata Juru na Rubondo, pande za mbali za kambi, ambako megafoni yetu haikufika. Akaomba nafasi kwenye redio moja ya Mbarara iliyokuwa na saa moja ya Kiswahili kila Jumamosi mchana. Mnaikumbuka saa ile. Kambi nzima ilikuwa inasikiliza, si kwa ajili ya muziki, bali kwa sababu mwishoni walisoma majina: fulani wa fulani, aliyepotezana na ndugu zake mahali fulani, anatafutwa, yuko Nakivale. Mtu akisikia jina la mtu wake redioni, hata akiwa jikoni, anaacha ugali uungue. Redio haikuwa inadanganya. Hilo hata mimi nililijua.

Tulifika Mbarara kupitia Isingiro, nimevaa gauni la Krismasi, nikiwatazama ng'ombe wenye pembe ndefu na kuhesabu migomba hadi nikachoka. Mtangazaji alikuwa kijana Mnyankore, mchangamfu, Kiswahili chake cha barabarani. Alimhoji Mwalimu kidogo, halafu akaona mimi nimemkodolea macho. Akashusha kile chuma cha kusemea hadi mdomoni kwangu. "Kale, haya. Wewe mtoto, ambia watu ya kambi. Siku hiyo nani na nani ataimba?"

Sikuwa na karatasi. Lakini apeli nilikuwa naijua kwa moyo, kama watoto wengine wanavyojua Baba Yetu. Nilivuta pumzi, nikaanza. Soprano wote kwa utaratibu wao. Kisha alto. Nikamtaja mama yangu, na nikafika kwa yule mvivu. Naapa nilifikiri. Nilijiambia, nikimtaja redioni, watu wote watajua ameahidi kuimba, ataona haya, atakuja mazoezi, na mama yangu ataacha kusema uongo. Kwa hiyo jina lile nililisema kwa nguvu kuliko mengine yote. "Mapendo M'Cikuru, alto. Yeye ndiye atapanda ubeti wa pili."

Nilimtazama Mwalimu nione kama amefurahi. Alikuwa amefumba macho. Angeweza kuninyamazisha, mtangazaji angecheka, yangeisha. Hakunizuia. Nikamaliza na teno, na besi, wote, hata wale watatu wengine ambao hawakuwa na ndugu Nakivale wa kusikia majina yao yakipita. Miaka mingi baadaye nilimuuliza Mwalimu kwa nini aliniacha. Alikuwa mzee tayari, anatafuna mahindi kwa upande mmoja wa meno. Akasema, "Lilikuwa tamu kulisikia. Nilisahau kama kuna batu banasikia."

Konseri ilikuwa Jumapili iliyofuata. Watu walijaa hadi wengine wakasimama nje ya madirisha. Lakini kabla hata viti havijapangwa, nilikuta bibi mmoja amekaa kwenye benchi la mbele, peke yake. Alikuwa mwembamba, kitenge chake kipya kabisa, bado kina mikunjo ya dukani, miguu imejaa vumbi jekundu la kutembea mbali. Kwenye mapaja ameshika sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Ilinukia sombe, kisamvu cha kwetu. Nilimsalimu, nikampa karatasi ya nyimbo kwa fahari. Akanishika kidole. "Sauti yako naijua," alisema. "Ni weye ulisema kwa redio?"

Nikamwambia ni mimi. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Mungu akubariki, mutoto wangu," na mimi nikaenda zangu nikiruka.

Kwaya iliingia ikiyumba, mlango wa nyuma, kama kawaida yetu. Nilikuwa mstari wa mbele, kwa hiyo nilimwona yule bibi vizuri. Alisimama. Alitazama soprano, mmoja baada ya mwingine, kisha alto, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Alipofika kwa mama yangu alitabasamu, kama mtu aliyemwona mtu wa nyumbani. Halafu akaona ile nafasi. Akakaa. Sikusikia mtu akishtuka nyuma yangu, lakini wimbo ulilegea, na nilipovuta pumzi kuingia sikumsikia mama. Yule bibi hakulia. Alianza kutazama mlango wa nyuma. Alifikiri Mapendo amechelewa, au anavaa, au ameambiwa aingie mwisho kama wanavyoingizwa waimbaji wakubwa. Kila mlango ulipocheza kwa upepo, alinyanyuka kidogo na ile sufuria yake.

Tukafika ubeti wa pili wa ule wimbo wa zamani. Mwalimu Byamungu, ambaye mbele za watu huwa hasimamishi, huunganisha tu, siku ile mkono wake uliinuka wenyewe ukabaki juu. Kanisa zima likangoja. Yule bibi akafumba macho na kuinua kidevu, amekaa tayari kusikia. Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko wowote niliowahi kuusikia, na hakuna aliyeimba.

Baada ya konseri watu walikuwa wanapeana mikono. Yule bibi alipita katikati yao akaja moja kwa moja kwangu, si kwa wakubwa. Akachuchumaa, macho yetu yakawa sawa. "Mapendo iko wapi?"

Na mimi, mtoto mwenye haki, mtoto asiyependa uongo, nikamjibu mbele ya wote. "Hajawahi kuja mazoezi hata siku moja. Ni mvivu. Mama yangu ndiye anamwitikia kwa apeli."

Bibi aliinuka polepole. Akamtazama mama yangu. Mama alikuwa ameshaanza kupiga magoti, pale pale kwenye udongo, na gauni lake jeupe la kwaya. "Mama Mapendo," alisema, "utusamehe. Tulimuwekea fasi tu."

Mama Mapendo. Nilisikia jina hilo, na kichwa changu, kidogo hivyo, kikafanya kazi yote kwa mara moja: ile nafasi, ule ukimya, "Iko," sikio lililofinywa. Nilijikojolea. Nasema ukweli, niliyasikia maji ya moto yakiingia kwenye soksi za Krismasi. Hakuna aliyenichapa. Ningependa wangenichapa. Mama Mapendo aliweka sufuria yake ya sombe kwenye ile fasi, chini, akatoka.

Sasa mniwie radhi, hapa ndipo moyo unapoumia zaidi, kwa maana hadi hapo ilikuwa ni aibu, na aibu hupona. Bahati, yule mtoto wake mwingine, alikuwa amekubaliwa kuhamia nchi ya mbali, yeye na mke na watoto na mama yake, wote faili moja. Miaka walikuwa wanaingoja. Siku ya basi ilikuwa Ijumaa ya wiki ileile. Jumatatu Bahati alikuja kwetu, macho mekundu, akamwambia mama kwamba mama yake amefungua sanduku na kutoa nguo zake. Amesema yeye haendi.

Kesho yake mama, Mwalimu na mimi tulienda Rubondo. Tulimkuta anapalilia maharage nyuma ya nyumba, kama mtu mwenye mavuno ya kungoja. Mwalimu alisema, mama akasema, wakaomba, wakalia. Walimweleza apeli ni nini, walimweleza kila kitu, kwamba hakuna aliyemwona Mapendo, kwamba mtoto alikosea. Kisha mama alinisukuma mbele. Nilikuwa nimefundishwa la kusema njia nzima. Nikasema, "Nilisema uongo, bibi. Mapendo hayuko. Uende na Bahati."

Aliegemea jembe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia baridi. "Najua kama hayuko huku," alisema. "Miye si mujinga. Nilihesabu ile mustari kwa macho yangu." Akanifuta kamasi kwa pindo la kitenge. "Lakini jina yake ilipita kwa redio, na fasi tuko, Nakivale, ikapita. Kama Mungu alimubakisha, fasi yoyote iko, na yeye iko na masikio. Atakuja kuuliza Nakivale. Atakuta nani?"

Mwalimu akamwambia redio ile haifiki hata Bukavu. Akasema, "Batu banapelekeana habari." Mama akamwambia wajukuu wake watakua bila yeye. Aling'oa gugu moja kwa mkono. Halafu akasema, "Bo ni bengi. Bataangaliana. Ule iko peke yake."

Ijumaa nilikuwa pale Base Camp basi lilipoondoka. Hakuna aliyenituma. Watoto wa Bahati walikuwa wamevaa majaketi mazito juani, wanatoka jasho, wakipunga mikono dirishani. Mama Mapendo alipunga mkono hadi vumbi likatulia. Aligeuka akaniona, akaniita kwa kidole. Nilidhani sasa ndipo atanilaani, na nilikuwa tayari. Akaniuliza, "Mutaenda tena lini kwa redio?"

Akasema, "Siku mutaenda, usome tena jina yake. Usome na Rubondo. Ile siku ulisahau kusema Rubondo."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yeye alitaka niyamwage tena. Na nilifanya hivyo. Kila konseri, kila safari ya Mbarara, tangu utoto, na hata nilipoolewa nikahamia hapa mjini, nilikaa kwenye chumba kile nikasoma majina, na nikifika kwa alto nikasema: Mapendo M'Cikuru, mama yake yuko Rubondo. Mara ya kwanza sikujua ninachofanya. Mara nyingine zote nilijua. Wenzangu wa kwaya hawakunizuia, na Mwalimu aliacha kwenda, akawa ananituma peke yangu. Mama yangu alipozidiwa na miguu nilichukua fasi yake kwenye mstari. Nikasimama pembeni ya ile nafasi kila Jumapili niliyorudi kambini, na sitadanganya, upande wangu wa kushoto huwa na baridi hata kiangazi. Wakati mwingine, ubeti wa pili, nimesikia pumzi ya mtu anayejiandaa. Naendelea kuyumba, siangalii.

Bahati alipiga simu kila Krismasi. Mama Mapendo alikuwa anamsikiliza, anacheka na wajukuu ambao Kiswahili chao kilikuwa kinapungua mwaka hadi mwaka, halafu anaishia na maneno yaleyale, kwamba watu wanapelekeana habari. Kila nilipomtembelea alinipakulia sombe. Hakuwahi kunilaumu hata kwa jicho. Siku za mwisho alikuwa hanitambui, lakini sauti yangu aliitambua. Nikisema "Shikamoo, bibi," aliuliza, "Umelisoma?" Nikisema nimelisoma, analala.

Tulimzika Alhamisi, nyuma ya shamba lake la maharage. Baada ya matanga kwaya ilikaa, ikaamua kwamba sasa inatosha. Hakuna tena wa kuumizwa wala wa kungoja. Yaya Riziki aliandika daftari jipya, na Mapendo hayumo.

Jumamosi iliyopita nilipelekwa redioni kutangaza konseri. Mtangazaji wa sasa ni binti, mtoto wa juzi, alinipa nafasi nisome majina ya waimbaji. Karatasi ilikuwa safi. Nikasoma soprano. Nikasoma alto, nikajitaja mimi mwenyewe, na baada yangu ilikuwa teno. Nikasimama hapo. Binti akanionyesha kwa mkono niendelee. Nikasogea karibu na kile chuma, na nikasema kitu ambacho huenda nilipaswa kukisema, au nisingepaswa kukisema kabisa, mimi sijui.

"Mapendo M'Cikuru. Kama uko hai na unasikia, usije tena Nakivale kumutafuta mama. Alikungoja Rubondo. Tulimuzika Alhamisi."

Kisha nikasoma teno na besi, mpaka mwisho wa karatasi.